Kuhifadhi kwa Maana Mbili: Michoro ya Miambani ya Kondoa



 Nitaanza na neno moja, kama ilivyo desturi ya taaluma yetu. Neno hilo ni "kuhifadhi". Mwanafunzi wa madrasa akiiweka Kurani moyoni, twasema ameihifadhi. Karani akilifungia jalada kabatini, twasema pia amelihifadhi. Hifadhi ya kwanza hudumu kwa kutumiwa, maana kisichorudiwa husahaulika. Ya pili hudumu kwa kutoguswa. Hoja yangu ni kwamba mjadala juu ya michoro ya miambani ya Kondoa ni mvutano baina ya maana hizi mbili.

Michoro hiyo imo katika eneo la kilometa za mraba 2,336, kaskazini mwa Dodoma. Ile myekundu huhusishwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Myeupe, iliyofuata, huhusishwa na wakulima. Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na kitabu chake cha mwaka 1983 kiliiita sanaa inayotoweka. Hata hivyo, mwaka 1971 Eric Ten Raa alikwisha kuonyesha kwamba kwa Wasandawe sanaa hii ilikuwa bado na mahali pake katika maisha ya jamii.

Tutazame Mungomi wa Kolo. Hapo Warangi hutambika kuomba mvua na uponyaji. Mbuzi huchinjwa, na pombe hunyunyizwa mwambani, penye michoro. Mtaalamu wa hifadhi huona rangi ikioshwa; mtambikaji huona mahali patakatifu pakipewa haki yake. Nani kati yao anahifadhi?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hukilinda kitu, na kwa kazi za mikono ya watu kigezo chake kikuu ni umri: kuwa kilitengenezwa kabla ya mwaka 1863. UNESCO ilipoiandikisha Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilitumia vigezo viwili: ushahidi wa tamaduni zilizopita, na uhusiano wa michoro na mila zilizo hai. Kwa hiyo tambiko nalo ni sehemu ya sababu ya urithi kutambuliwa. Anayemfukuza mtambikaji ili auokoe mwamba huokoa nusu na kupoteza nusu.

Maadili ya taaluma ya hifadhi nayo yana mafunzo mawili. Kwanza, Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unataka urejeshaji ukome pale dhana inapoanza. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, twiga aliyefifia hachorwi upya, hata kama mgeni angependa kumwona vizuri zaidi. Pili, Waraka wa Nara wa mwaka 1994 unataka uhalisi wa urithi upimwe ndani ya utamaduni unaoumiliki.

Sisemi kwamba pombe haina madhara. Rangi iliyokwisha kuoshwa hairudi, na mjukuu wa mtambikaji naye ana haki ya kuiona. Ninalosema ni kwamba shauri la mahali pa kumwagia pombe, ukutani au chini mbele ya mwamba, ni la kuzungumzwa na wazee wenyewe. Likiletwa kwao kama amri, litatiiwa mchana na kuvunjwa usiku.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohitajika. Hati zilizowasilishwa UNESCO ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mashauri ya Kolo hufanywa kwa Kirangi na Kiswahili. Mzee hawezi kukubali wala kukataa asichokisoma. Tuzifasiri hati hizo. Tena tuyaandike maelezo ya watambikaji kwa maneno yao, kwa idhini yao, tukiacha yale wasiyotaka yatoke nje. Nakala za Leakey zilihifadhi maumbo. Maana ya maumbo hayo, kwa wanaoyaendea leo, haihifadhiki kwa karatasi ya kunakilia.