Kuuzwa dukani si kusema haina hatari: maneno juu ya tramadoli

Maneno ya mushauri wetu wa afya katika mukutano wa mwezi, hapa Kisangani. Tumeyaandika karibu namna yalivyosemwa.



Komite imeniomba niseme juu ya tramadoli. Nitasema wazi, juu kisha maneno yangu kuna jambo moja la kukata leo: mwanachama aliyefungwa na dawa hii, tumutoe katika chama ao tumusaidie?

Kwanza tujue ni kitu gani. Tramadoli si bangi, si lotoko. Ni dawa ya maumivu, ya jamaa moja na morfini. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962, ikaanza kuuzwa kule mwaka 1977. Muganga anaiandika kisha operesheni, ao kwa mufupa uliovunjika. Kati yetu wamo walio na vipande vya bombu mwilini tangu vita ya siku sita, mwezi wa 6 mwaka 2000. Wamo waliokimbia matata ya Lubunga mwaka 2023 na mizigo kichwani, na mpaka leo mugongo haujarudi sawa. Mutu kama huyo akipewa vidonge na muganga, asihukumiwe na mutu yeyote. Maumivu ni maumivu.

Shida inaanza pale dawa inatoka katika mkono wa muganga. Mutu wa toleka anasema: “Nikimeza kimoja, nitafanya kazi mpaka usiku.” Mutu wa pikipiki anasema vile vile, na muchimbaji wa almasi, na mubeba mizigo. Hawasemi uongo. Dawa hii inazima maumivu, na tena inagusa mambo ya ubongo yanayoleta furaha na nguvu. Lakini nguvu ile si mupya. Mwili unachoka kama jana, ni wewe tu husikii. Ni kama dereva anayeziba masikio asisikie injini inalia: injini inaendelea kuharibika.

Wengi wananiuliza: “Inauzwa wazi, watu wa serikali wanaona, itaua namna gani?” Hapo ndipo tunajidanganya. Morfini inachungwa na mapatano ya dunia ya mwaka 1961. Tramadoli haikuwekwa humo. Sababu moja ni hofu kwamba ikifungwa sana, wagonjwa wa inchi maskini watakosa dawa ya maumivu. Hofu hiyo ina maana. Lakini mulango ulioachwa wazi kwa mugonjwa, wachuuzi nao walipita humo. Kule Nigeria na Ghana viliingia vidonge vya miligramu 200 na zaidi, wakati kidonge cha kawaida cha hospitali ni miligramu 50. India, walikokuwa wanatengeneza vingi, iliweka tramadoli chini ya sheria ya madawa ya kulevya mwaka 2018. Wachuuzi walitafuta vingine. Mwaka 2025 India ilikataza pia vidonge vya kuchanganya tapentadoli na karisoprodoli, vilivyokuwa vinapelekwa Afrika ya Magharibi. Munaona? Sheria inakimbia nyuma ya kidonge. Kwa hiyo kitu kuuzwa dukani hakukuambii kitafanya nini ndani ya mwili wako.

Sasa hatari yenyewe. Ya kwanza ni kuanguka na kutetemeka kama mutu wa kifafa. Inaweza kumupata hata mutu ambaye hajawahi kuwa na kifafa, zaidi sana akimeza vingi. Katika jimbo letu, kando ya mito yenye inzi wadogo wanaoleta upofu, kifafa kiko tayari katika familia nyingi. Mwenye kifafa asiiguse tramadoli bila muganga. Na kijana akianguka, musikimbilie kusema ni uchawi. Muangalie mifuko yake kwanza.

Ya pili ni pumzi. Tramadoli inapunguza pumzi. Ukiongeza lotoko, pombe ya chupa, ao valium, pumzi inaweza kusimama kabisa mutu akiwa amelala. Tena miili si sawa. Ini ndilo linageuza dawa hii kuwa kitu kikali zaidi, na kwa watu wengine ini linafanya kazi hiyo haraka sana. Kipimo ambacho jirani amezoea kinaweza kukuangusha wewe. Ndiyo sababu mutoto wa chini ya miaka 12 hapewi. Mama mwenye mimba anayemeza kila siku anaweza kuzaa mutoto anayetetemeka na kulia bila kunyamaza, juu naye amezoeshwa tumboni. Na mama anayenyonyesha, dawa inapita katika maziwa.

Ya tatu ni kufungwa. Leo kimoja, kisha wiki chache kimoja hakitoshi. Hata muganga hapitishi miligramu 400 kwa siku kwa mutu mukubwa, lakini aliyefungwa anapita hapo bila kuhesabu. Siku anakosa falanga, jasho linamutoka, makamasi, kuhara, mifupa inauma, usingizi hakuna, wengine wanaona vitu visivyokuwapo. Anameza tena, si juu ya furaha, ni juu ya kukimbia ile shida. Watu wanasema hana aibu. Mimi ninasema mwili wake umebadilika.

Mukimukuta mutu halali kama kawaida, ukimuamsha haamki, pumzi ni ya polepole, midomo imegeuka rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha sindano: mumulaze kwa ubavu, musimumiminie maziwa wala mafuta ya ngazi, atayavuta katika mapafu. Mumupeleke hospitali mara moja, na mubebe paketi ya dawa. Kuna dawa inayoitwa naloksoni ambayo inaweza kurudisha pumzi, lakini kazi hiyo ni ya waganga.

Na wewe unayetaka kuacha, usikate siku moja. Muganga atakupunguzia kidogo kidogo. Tena kumbuka: ukishaacha wiki kadhaa, usirudilie kipimo cha zamani. Mwili umesahau, na wengi wanakufa hapo.

Sasa nirudi kwa swali letu. Kuna wanachama wanaosema: aliyekula likelemba na kuinunulia vidonge afukuzwe. Ninasikia uchungu wao, juu falanga zile ni za wote. Lakini tukimutoa, ataenda wapi? Sisi sote tulirudi hapa bila kitu, na kilichotusimamisha ni kwamba mutu mmoja alimushika mwenzake mkono. Akifukuzwa, wengine wenye shida kama yake watanyamaza, na tutawajua siku ya matanga tu.

Ninaomba mambo matatu. Sanduku la chama lilipe mara ya kwanza ya kumuona muganga kwa mwanachama anayetaka kuacha. Jina lake lijulikane na mama mweka hazina peke yake, lisisomwe katika mukutano. Na deni lake la likelemba libaki, alilipe polepole akipata nguvu. Hatumusamehe deni, tunamupa muda wa kuishi alilipe.

Na wanachama wenye maduka ya dawa, ninawaomba kwa heshima: kijana akija bila karatasi ya muganga, musimuuzie. Faida ya kidonge kimoja ni ndogo kuliko mutoto wa mwenzako.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize, kisha tukate neno.