Motokaa Kuukuu Inapochemsha Maji

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa tawi na ndugu mmoja wa karakana ya dizeli.)



Mnajua ya kuwa sisi watu watatu wa karakana tulichanga akiba yetu tukanunua Peugeot 504 kuukuu, ile ndefu ya kuchukua abiria. Wengi wenu mmetuona tukiisukuma. Mnaocheka, chekeni tu, lakini najua humu ndani wako wengine wenye magari ya umri ule ule, na fedha iliyotutoka sisi sipendi iwatoke ninyi.

Nianze na siku yenyewe. Tulikuwa tumetoka Voi kumzika mama wa mwenzetu, tukirudi Nairobi, watu 8 ndani na mizigo juu. Ninyi mnaoendesha treni mnaijua njia ile: tangu Mtito Andei mpaka Konza, kwa jumla ni kupanda. Tulipopita Makindu mshale wa joto ukaanza kukaribia alama nyekundu. Dereva nilikuwa mimi, nikasema mshale huu una wazimu wake. Karibu na Emali ukashuka wenyewe mpaka chini. Tukafurahi, mmoja akasema gari limezoea mlima.

Ndugu zangu, gari halikuzoea mlima. Maji yalikuwa yamekwisha. Kile kidude cha kupimia joto kilichofungwa katika injini hupima maji yanayokigusa. Maji yasipokuwapo, hubaki katika hewa, na mshale huweza kushuka huku chuma kinaungua. Wazee wetu waliofanya kazi na injini za mvuke walikuwa na plagi ya risasi juu ya tanuri: maji yakipungua mno, risasi huyeyuka, mvuke hushukia moto, na kila mtu hujua kuna hatari. Motokaa haina plagi hiyo. Mshale ukipanda kisha ukashuka ghafula nanyi mko mlimani, simameni saa ile ile mzime injini.

Sisi hatukusimama mpaka injini ilipoanza kugonga na kukosa nguvu. Mwenzetu mmoja akashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akakizungusha. Mvuke uliobaki ukamrukia mkononi, akakaa wiki 3 bila kushika spana. Kisha, kana kwamba hayo hayakutosha, tukamimina maji baridi ndani ya injini iliyokuwa bado moto kama jiko. Kichwa cha injini ile ni cha alumini. Kikipata moto kupita kiasi hupinda, na kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Yafaa kungoja mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Hata kama ni saa nzima, ngoja.

Fundi wa kwanza simtaji, maana tulimwambia afanye kwa bei ndogo naye akafanya. Alitia gasketi mpya ya kichwa, akaitoa thamostati akaitupa, akisema nchi ya joto haina haja nayo. Siku 12 baadaye gari likachemka tena pale Mlolongo. Gasketi haikuwa mkosaji, ilikuwa imeumizwa tu. Hatukuwa tumeuliza swali la kwanza: maji yalikwenda wapi, na kwa nini?

Basi tulilipeleka nyumbani tukalitazama wenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi. Hapo ndipo pa kuanzia. Tazama chini ya pampu ya maji kama pana mchirizi wa kutu au wa rangi nyeupe, na itikise feni kwa mkono. Ikicheza, beringi imekufa. Bonyeza mipira ya maji kama imepasuka. Mkanda wa feni ukiulegea, pampu haisukumi sawasawa. Vuta kijiti cha oili: oili ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Kisha washa injini kifuniko kikiwa wazi, ingali baridi. Mapovu yakizidi kutoka bila kukoma kila ukikanyaga mafuta, hewa ya silinda inapita katika gasketi au ufa. Kwetu mapovu yalitoka.

Lakini chanzo kilikuwa kwingine. Injini ilipopata joto kidogo tuliizima, tukapapasa rejeta: juu moto, nusu ya chini baridi. Mirija ilikuwa imezibwa na gaga la chumvi, maana kwa muda mrefu gari lilinyweshwa maji ya visima vya Ukambani. Na mpira wa kifuniko ulikuwa umekauka. Kifuniko si cha kuzuia vumbi tu. Hapa Nairobi maji huchemka karibu digrii 95, kwa sababu tuko juu. Kifuniko cha ratili 7 kikiwa kizima, hayachemki mpaka yapite 105. Tulikuwa tumeshindwa na kitu cha bei ndogo kuliko vyote.

Kutengeneza: rejeta ilifunguliwa vichwa, mirija ikazibuliwa kwa vyuma vyembamba, ikalehemiwa upya. Kichwa cha injini tukakiwekea rula ya chuma. Karatasi ya kupimia ya milimita 0.05 ikapita katikati, kikapelekwa kusawazishwa kwa mashine. Hapa niseme pole pole, maana hapa ndipo tulipopoteza fedha mara ya pili. Silinda za injini hii ni mabomba yaliyosimama ndani ya maji, nayo hushikiliwa na kichwa. Kichwa kikiondolewa, usizungushe injini hata kidogo kabla hujayabana mabomba yale kwa bolti na washa pana. Mmoja wetu aliizungusha ili asafishe pistoni vizuri. Mabomba mawili yakainuka, mpira wa chini ukaachia, na maji yote mapya yakaingia katika oili. Tukafungua tena kila kitu. Kunyamaza kwetu siku ile kulikuwa kwa msiba.

Bolti za kichwa tulizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana yenye kipimo. Thamostati mpya tukaijaribu kwanza katika sufuria juu ya jiko: ikabaki imefungwa maji yakiwa vuguvugu, ikafunguka yalipokaribia kuchemka. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto, na silinda huliwa. Maji tunatia ya mvua pamoja na dawa yake ya kuzuia kutu. Dawa hiyo ni tamu na ni sumu, watoto na mbwa wasiifikie.

Mwenzetu aliyeungua mkono ndiye sasa mkaguzi wa maji kila asubuhi, wala hamruhusu mtu mwingine kugusa kifuniko. Gari liko nje karibu na lango. Limezimwa tangu saa moja asubuhi, kwa hiyo limepoa. Mwenye kutaka kuona aje, tutamwomba afungue.