Mtaro wa Mita 180: Jino la Chuma na Mikono Yetu

(Hotuba iliyotolewa siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niwaeleze jinsi kikundi chetu kilivyochimba mtaro wa kebo ya stima kutoka kwa mita yetu hapo sokoni hadi kwenye pampu ya kisima. Nitasema yaliyofaulu, na nitasema pia kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Kama mmekuja kusikia sifa peke yake, mtanisamehe.

Nyinyi mnajua akina mama wetu wamebeba mitungi miaka mingapi. Stima ilipofika sokoni tulifurahi, lakini kisima kiko mita 180 kutoka hapo. Hatukutaka kupitisha waya juu kwa vijiti vya miti, maana vijiti huliwa na mchwa, na waya ukianguka ni kifo. Tukaamua kebo ipite chini ya ardhi.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mtaro wa mita 180, upana sentimita 30, kina sentimita 60. Hiyo ni zaidi ya mita 32 za ujazo, yaani kyubiki, za udongo, na uzito wake ni karibu tani 50. Tulianza kwa jembe, sululu na mtaimbo, watu 12. Siku 3 tukapata mita 40 tu, kisha tukakuta udongo mwekundu mgumu wenye changarawe. Siku ya nne walikuja watu 5. Siku ya tano, wawili. Nani alaumiwe? Mgongo ni mgongo.

Hapo ndipo fundi mmoja wa jua kali akatupa wazo. Jirani yetu ana trekta ndogo ya nguvu za farasi 25. Trekta ya namna hiyo ina mikono mitatu nyuma: miwili ya chini na mmoja wa juu. Fundi alipima pini zake, zile za chini milimita 22 na ile ya juu milimita 19, akachomelea fremu ya vyuma vizito vya kuokota. Katikati ya fremu akaweka jino moja la chuma nene, na kwenye ncha yake kipande cha springi ya lori kilichonolewa na kuelekezwa mbele. Jino lina matundu manne, ili mtu aweze kulishusha kidogo kidogo. Vijana wakaliita Fuko, kwa sababu linakwenda chini ya ardhi kama yule mnyama.

Fuko halichimbi mtaro, jamani. Linapasua na kulegeza udongo. Watu wanafuata nyuma na mabeleshi kuutoa. Ukitaka kwenda sentimita 60 mara moja, magurudumu yatazunguka bure na trekta itainua pua. Sisi tulikwenda mara tatu: kwanza sentimita 20, tukatoa udongo, tukashusha jino hadi 40, tukatoa, mwisho 60. Kwa hivyo msiogope kwamba mashine itawanyang'anya watu kazi. Kazi ya kuvunja ndiyo ilitushinda, na hiyo tu ndiyo tuliipa chuma.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Fundi alikuwa ameweka bolti moja laini ya milimita 10 ili jino likigonga jiwe, bolti ikatike na trekta isalimike. Siku ya kwanza ilikatika mara mbili. Tukaona ni hasara, tukaweka bolti ngumu. Tena jino lilikuwa likiteleza juu ya ardhi bila kuingia. Mimi nikasema linahitaji uzito. Nikamwambia kijana wetu mmoja, "Hebu kaa hapo juu ya fremu kidogo." Kidogo! Jino liliingia, likaenda kama mita 10, likashika mzizi wa mti. Bolti ngumu ilikataa kukatika. Trekta iliinuka mbele, ikaanguka kwa kishindo, na kijana akarushwa chini ya fremu. Mguu ulivunjika chini ya goti. Alikaa na plasta miezi 3, na msimu huo hakupanda shamba lake. Tulimpandia sisi, lakini mguu hatukuweza kuvunjikiwa kwa niaba yake.

Fundi aliporudi hakunikemea. Alishika ule mkono wa juu, akaufupisha kwa kuuzungusha mara chache. Ncha ya jino ikainama chini. Trekta iliposonga, jino likazama lenyewe. Uzito haukuhitajika hata kidogo. Mwelekeo wa ncha ndio ulikuwa mbaya. Mguu wa mtoto wa wenyewe ulivunjika kwa sababu sikuuliza.

Kwa hivyo kikundi chetu kiliandika sheria, nami nawasomea:

1. Hakuna mtu kukaa wala kusimama juu ya chombo. Kama uzito unahitajika kweli, ni mawe ndani ya magunia yaliyofungwa vizuri.

2. Bolti ya kukatika ni ile laini. Nunueni kadhaa mapema. Bolti ni rahisi kuliko mfupa.

3. Chombo kifungwe kwenye mikono yake mitatu tu. Msivute kitu chochote kwa mnyororo uliofungwa juu kwenye trekta, maana trekta inaweza kupinduka nyuma na kumlalia dereva.

4. Watu wa mabeleshi wakae mbali mpaka trekta isimame na jino literemshwe chini.

5. Kabla ya kuanza, tembeeni njia yote na wazee wanaojua. Ulizeni mabomba ya maji na nyaya zilizozikwa ziko wapi. Panapokaribia, rudini kwa jembe la mkono, polepole.

Juu ya majira: chimbeni baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati. Wenzetu wenye udongo mweusi mnajua ukiwa mkavu ni jiwe na ukilowa ni gundi. Tena udongo huo huvimba na kupasuka, kwa hivyo kebo ilazwe ikiwa imelegea kama nyoka anayetembea, isivutwe kama kamba ya nguo.

Kebo yenyewe msinunue kwa kuangalia bei tu. Stima hupungua njiani. Tuseme pampu inavuta ampea 10 kwa umbali wa mita 180. Kebo ya shaba ya milimita mraba 2.5 inapoteza karibu volti 27 kati ya zile 240, na pampu itateseka mpaka iungue. Ya milimita mraba 10 inapoteza kama volti 7 tu. Kazi ya kuunganisha mpeni fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na mwombeni awaonyeshe hiyo leseni. Mtaro tunaweza kuchimba wenyewe, lakini stima haina huruma na mwanafunzi.

Chini ya mtaro tuliweka mchanga laini, kisha kebo ya kivita, kisha mchanga tena, halafu safu ya matofali. Panapopita magari tulikwenda sentimita 75 na kuipitisha ndani ya bomba. Juu ya ardhi tulisimamisha vigingi vya saruji, na ramani iko kwenye faili ya katibu. Sisi tutakufa, wajukuu watalima hapo. Jembe lao lisikute kifo ambacho babu alisahau kukitaja.

Leo maji yanatoka kwenye mfereji hapo sokoni. Fuko liko kwa mwenyekiti, na kikundi chochote kinaweza kuliazima. Lakini anayekuja kulichukua hukabidhiwa kwanza kwa yule kijana. Anachechemea kidogo mpaka leo. Yeye ndiye anayeonyesha jinsi ya kufupisha mkono wa juu, na ndiye anayehesabu bolti laini kabla chombo hakijaondoka.