Kausha Kwanza, Ndipo Uhifadhi
Mada ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Kasulu



Wapendwa wajumbe wa kamati za sharika, ndugu wahisani wetu,

Kwa nini asali ya Kasulu hukaa miaka bila kuharibika, na dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri hukaa miezi, lakini samaki mbichi hafiki kesho kutwa? Jibu ni maji. Vijidudu na ukungu vinavyoozesha chakula ni viumbe hai. Bila maji havikui. Kwa dagaa, jua limeondoa maji. Katika asali maji yamo, kwa kawaida chini ya asilimia 20, lakini sukari imeyashikilia. Kijidudu kikiangukia humo hufyonzwa hata maji yake chenyewe.

Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Unyevu wake ushuke hadi asilimia 13 hivi kabla ya kuyahifadhi.

Hapa sina budi kusema ukweli mbele ya wahisani. Katika usharika mmoja tulijenga ghala zuri, tukapiga picha, kisha likajazwa mahindi yaliyovunwa mvua ikiwa haijakatika. Magunia yalipofunguliwa, mengi yalikuwa na ukungu. Kosa si la wakulima. Ni letu ofisini, tuliopanga bajeti ya saruji na mabati bila turubai hata moja la kuanikia. Ghala halikaushi mahindi.

Hasara si magunia tu. Baadhi ya ukungu huacha sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Unga huo ndio uji wa watoto wetu.

Kipimo rahisi kipo. Chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kijiko kimoja na mahindi hadi theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana maji, anika tena. Isiponata, bado ongeza siku ya jua kama unahifadhi kwa miezi mingi.

Ombi langu: kuanzia sasa, maombi ya ghala yaanze na maturubai. Wahisani wetu, turubai halivutii kwenye picha kama jengo, lakini ndilo linalookoa mavuno.