Tairi Husomwa Kabla ya Kuulizwa Bei

Msikilizaji, katika foleni ya asubuhi ya Barabara ya Uhuru, katikati ya bajaji na daladala, yamo magari madogo yanayotembelea matairi ya theluji. Si utani. Mwenye gari akiinama na kusoma ubavu wa tairi, anaweza kukuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak ya Bridgestone na iceGUARD ya Yokohama. Matairi hayo yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za barafu za Japani. Gari lilipouzwa mnadani kule lilipanda meli nayo hivyo hivyo, likashuka bandarini Dar es Salaam, likalipiwa ushuru, kesho yake likaanza kupeleka watoto shule. Mpira wa tairi la namna hiyo umefanywa laini makusudi ili ung'ang'anie barafu. Kwenye lami ya Dar, jua la Januari likiwa utosini, ulaini huo huliwa haraka, na gari hupepesuka kidogo linapokata kona kwa kasi.

Ndivyo inavyokuwa kwa wengi: gari bado linanukia upya, nao wameshaanza kuulizia matairi Kariakoo.

Wenyeji wanajua pa kuanzia. Ukitoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani ukashika mitaa ya Shaurimoyo, kila hatua ni spea: taa, shokapu, milango mizima, na matairi yaliyopangwa nguzo nguzo hadi barabarani. Mapya yamefungwa karatasi. Yaliyotumika yamepakwa dawa nyeusi yakang'aa kuliko hayo mapya. Salamu ya pale ni moja.

"Tajiri, karibu. Saizi gani?"

"Ya Premio, kaka."

Na hapo ndipo mnunuzi anapoanza kupoteza, maana Premio si saizi. Toyota imeuza gari hilo kwa vizazi tofauti, mengine yakiwa na rimu za inchi 14, mengine 15. Tena mwenye gari wa kwanza huenda alishabadilisha akaweka rimu za spoti za 16. Jibu sahihi limeandikwa mahali pawili: ubavuni mwa tairi lililopo, na kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi lililopo peke yake halitoshi kuwa shahidi, kwa kuwa nalo huenda lilifungwa kwa kubahatisha.

Tuchukue mfano wa maandishi yanayoonekana kwenye sedani nyingi za mjini: 195/65R15 91H. Hiyo 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana, yaani kama milimita 127. Herufi R inaonyesha kuwa nyuzi za ndani zimelazwa kwa mtindo wa radial, muundo ambao Michelin ya Ufaransa ilianza kuulinda kisheria mwaka 1946 na ambao leo umetawala magari madogo duniani kote. Hiyo 15 ni rimu kwa inchi. Namba 91 ni ya mzigo, na maana yake tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 615. H ni kasi ya juu kabisa ambayo tairi limepimwa kuhimili, kilomita 210 kwa saa. Hakuna anayefika huko Barabara ya Msimbazi, lakini herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi linavyovumilia joto, na joto Dar ndilo adui wa kila siku.

Mambo hayo muuzaji mzuri wa Gerezani anayajua kwa kichwa. Kuna namba nyingine ambayo hataitaja asipoulizwa.

Tafuta herufi DOT, kisha ufuate mstari wake hadi mwisho. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa kwa tairi. Zikiwa 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi mengi huandikwa tarehe hiyo upande mmoja tu, na likishafungwa, upande huo unaweza kuwa ndani kusikoonekana. Kwa hiyo tarehe husomwa tairi likiwa bado chini, kabla fundi hajashika nyundo. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, ujue tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, wala usiulize bei.

Umri una uzito gani? Mpira huzeeka hata usipotembea. Jua, joto na hewa vinaukausha, mafuta yaliyomo yanapotea, vijipasuko vinajitokeza ubavuni. Watengenezaji wakubwa, Michelin akiwa mmoja wao, wanashauri tairi lenye miaka mitano likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi litolewe hata kama mifereji yake bado ina kina. Ushauri huo haukuandikwa kwa kuwafikiria wafanyabiashara wanaoanika matairi nje ya duka kuanzia saa mbili asubuhi hadi jua linapozama. Tairi la namna hiyo linaitwa jipya, na kweli halijatembea hata mita moja, ila limeshakula jua la misimu kadhaa.

Tukija kwenye matairi ya mtumba, mjadala unakuwa mkali, na una haki ya kuwa mkali. Mwenye gari anayelipa ada, kodi ya nyumba na mafuta halaumiwi kwa kutafuta nafuu. Lakini msimamo wa sheria uko wazi: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika jedwali lake la bidhaa zilizopigwa marufuku, imetaja matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria. Kuyaingiza kama bidhaa ni kosa, iwe Dar, Mombasa au Kampala. Tairi lililokuja limefungwa kwenye gari ni habari nyingine, na lililovuliwa kwenye gari la hapahapa ni nyingine tena. Mnunuzi aliyesimama mbele ya nguzo ya matairi yanayong'aa hana njia ya kujua lipi ni lipi.

Ubaya mkubwa zaidi umejificha ndani. Tairi lililowahi kutembea bila upepo wa kutosha huumia nyuzi, na majeraha hayo hayaonekani kwa nje. Ipo pia tabia ya kuchonga: tairi kipara linakatwa mifereji mipya kwa kisu cha moto hadi lifanane na lenye afya. Kwa matairi ya malori yaliyotengenezwa yakiwa na mpira wa ziada, na kuandikwa hivyo ubavuni, kazi hiyo inaruhusika. Kwa tairi la sedani, kisu hicho kinakaribia waya. Namna ya kugundua si ngumu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vyenye kimo cha milimita 1.6, vilivyowekwa kiwandani kuonyesha kikomo cha matumizi. Tairi lenye mifereji ya kina kirefu lakini lisilo na vijinundu hivyo limechongwa.

Hapa maoni haya yanachukua upande. Kariakoo nzima inaamini kwamba tairi la Japani, hata likiwa limetumika, ni bora kuliko jipya la China. Imani hiyo imepitwa na wakati. Tairi jipya la Kichina lenye saizi sahihi, namba ya mzigo sahihi na tarehe ya karibuni, ni salama kuliko la Kijapani lenye miaka tisa na historia isiyojulikana. Jina kubwa halirudishi mpira uliokauka.

Wasikilizaji wenye umri wanaweza kuuliza: la kwetu liko wapi? Lilikuwepo. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianzishwa mwaka 1969 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Kimarekani, na baadaye mbia huyo akanunuliwa na Continental ya Ujerumani. Serikali ilibaki na asilimia 74 ya hisa. Kiwanda kilisimamisha uzalishaji kabla ya mwaka 2010, na ahadi za kukifufua zimesikika bungeni mara nyingi. Nairobi nako, Sameer Africa, mrithi wa Firestone, ilifunga kiwanda chake mwaka 2016 ikilalamikia matairi ya bei ya chini kutoka nje. Ndiyo maana leo karibu kila tairi linalouzwa Gerezani limevuka bahari, na mlinzi wa kwanza wa mnunuzi ni mkaguzi. Shirika la Viwango, TBS, lilianza mwaka 2012 utaratibu wa kupima bidhaa zikiwa bado katika nchi zinakotoka. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosaka bidhaa bandia.

Matairi yakishapatikana, kazi imefika nusu. Matairi ya zamani yasitupwe kabla hayajasomwa, kwa maana yanaeleza gari linaumwa nini. Yakiwa yameliwa kingo zote mbili, yalikosa upepo. Yakiliwa katikati, yalijazwa kupita kiasi. Yakiliwa upande mmoja, magurudumu yamepinda kwa mashimo na matuta, na bila alaimenti matairi mapya yataliwa vilevile.

Wenye uwezo wa kununua mawili tu hushauriwa na mafundi wengi wayafunge mbele, kwa kuwa mbele ndiko usukani na injini. Watengenezaji wa matairi wanasema kinyume: mapya yakae nyuma. Mbele ikiteleza, dereva hulihisi jambo hilo kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza kwenye maji ya masika, gari linajizungusha kabla dereva hajajua kuna nini.

Kisha upepo. Kibandiko cha mlangoni kwenye magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, na pampu nyingi za mjini husoma psi. Kilopaskali 230 ni psi 33 hivi. Kipimo hicho ni cha tairi lililopoa, asubuhi kabla ya safari. Tairi lililotoka kwenye foleni ya Kimara saa nane mchana litaonyesha zaidi, na fundi akilipunguza hapo, jioni litakuwa limepungukiwa.

Matairi yaliyovuliwa nayo yana safari yao. Mengine yatakuwa makatambuga, viatu ambavyo vimetembea nchi hii kuliko gari lolote. Yatakayoachwa uani yakijaa maji ya mvua ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, na Dar es Salaam imeonja dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Msikilizaji unayepanga kushuka Gerezani wiki hii, andika saizi kutoka kwenye kibandiko cha mlango, soma tarakimu nne za DOT kwa macho yako, kisha ndipo upatane bei. Dai risiti ya EFD inayotaja aina na saizi ya tairi, si neno "spea" peke yake, ili likitoka nundu baada ya wiki mbili uwe na pa kurudi. Kwa wafanyabiashara wa Shaurimoyo, ombi ni moja: bandikeni mwaka wa kutengenezwa kando ya bei, na matairi yakae kivulini. Na kwa TBS na FCC, nguzo za matairi ya mtumba zimepangwa mchana kweupe, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi. Wakaguzi waende wakazione.