Dawa Ikikataliwa na Bima: Tufanyeje?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Kiriba



Ndugu wapendwa, wazee wetu, nanyi akina mama wa WAWATA, nimeombwa niseme juu ya jambo linalowasumbua wengi wenye kadi za bima, hasa walimu wastaafu na wazazi wa watumishi. Daktari ameandika dawa, lakini dirishani mgonjwa anaambiwa, "Hii bima haitoi." Anarudi Kiriba mikono mitupu, au anauza mihogo aliyoianika ili akanunue dukani.

Neno hilo "haitoi" huficha mambo mengi. Pengine dawa imekwisha tu stoo. Hapo bima haijakataa kitu. Mgonjwa aombe fomu ya kuchukulia dawa katika duka lenye mkataba na Mfuko. Pengine, kwa mujibu wa Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, dawa hiyo hutolewa hospitalini na si katika zahanati. Pengine inahitaji kwanza kibali cha Mfuko. Na pengine kweli haimo katika kitita cha mafao. Kitita chenyewe kilibadilishwa tarehe 1 Machi 2024, na mtakumbuka jinsi baadhi ya hospitali binafsi zilivyogoma kupokea kadi wakati huo. Hata mhudumu aweza kuchanganyikiwa.

Basi, ulizeni kwa adabu: imekataliwa kwa sababu gani? Andikeni jibu, tarehe, na jina la kitaalamu la dawa. (Kusema "ile ya boksi la bluu" hakusaidii.) Kisha rudini kwa daktari, si kwa diwani. Aandike barua akieleza ugonjwa, dawa zilizokwisha kujaribiwa na madhara yake, na hatari ya kuikosa hii. Barua hiyo ndiyo nguzo ya rufaa yenu. Ipelekeni ofisi ya Mfuko, Musoma mjini, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwenu. Mwenye bima ya kampuni binafsi anaye pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Wengine huona haya, kana kwamba wanaomba hisani. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 3. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Naye yule mjane wa Injili ya Luka hakuwa na wakili. Alikuwa na miguu tu ya kurudi tena na tena.

Lakini rufaa huchukua muda, na shinikizo la damu halingoji. Mgonjwa asikatishe tiba. Amwombe daktari dawa mbadala ya kumvusha. Akilazimika kununua, atunze risiti. Na kila jumuiya imteue mmoja anayejua kuandika barua, awasindikize wazee hadi Musoma. Nauli yake tuichange sote.