HAMBURG NI NDUGU YETU, LAKINI NANI ALITUULIZA?

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa tawi, Dar es Salaam.



Nawashukuru kwa kuacha vijiwe vyenu mkaja kunisikiliza. Sina fulana za kugawa wala pilau. Nina swali moja tu. Wewe unayesukuma mkokoteni Kariakoo, wewe kondakta wa daladala, wewe uliyemaliza chuo na vyeti vimelala chini ya godoro: unajua kwamba una ndugu Ujerumani?

Mnacheka. Basi sikilizeni. Julai 2010 wakubwa wa jiji letu walitia saini undugu na Hamburg, mji wa bandari ulioko kaskazini mwa Ujerumani, kwenye mto Elbe. Kwa hati ile, mtoto wa Manzese na mtoto wa Hamburg ni ndugu. Undugu gani huu ambao ndugu mmoja hana habari?

Wala hatukuanza kujuana 2010. Wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa Unguja tangu karne ya 19, wakinunua kauri za pwani yetu na kwenda kuziuza Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Mwaka 1859 mji wao ulifunga mkataba na Sultani. Biashara ilitangulia, bunduki za dola ya Kijerumani zikafuata.

Mnamjua Hermann von Wissmann? Ndiye aliyevunja vita vya Abushiri, naye Abushiri akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1909 Wissmann akasimamishiwa sanamu hapa hapa Dar es Salaam: yeye juu, askari mweusi chini anamtazama kama mungu. Msiichanganye na ile ya Askari pale Samora, ambayo ni ya Waingereza, ya mwaka 1927. Wajerumani waliposhindwa vita sanamu ya Wissmann iling'olewa, na mwaka 1922 ikasimamishwa tena, safari hii chuo kikuu cha Hamburg.

Nani aliiangusha? Si serikali. Ni wanafunzi, vijana kama ninyi. Waliiangusha 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena 1968, na haikurudi. Hao ndio ndugu ninaowataka mimi!

Sasa tuje bandarini, maana hapo ndipo penye ugali wetu. Hamburg nao walitaka kumpa mgeni sehemu ya bandari yao. Kampuni ya meli ya MSC ilitaka asilimia 49.9 ya hisa za HHLA, kampuni ya mji inayoendesha magati. Bei ilitangazwa: euro 16.75 kwa hisa. Makuli wakaandamana. Wataalamu wakaitwa mbele ya kamati. Septemba 2024 bunge la mji likapiga kura, na makuli wakashindwa. Sisemi walipata haki. Nasema walishindwa mchana kweupe, huku wakijua bei ya kitu chao.

Hapa kwetu? Oktoba 2023 serikali ilitia saini na DP World ya Dubai mikataba ya miaka 30. Miezi michache kabla ya hapo, wakosoaji wakubwa wa mpango huo walikuwa wamekamatwa na polisi. Je, wewe kuli wa Kurasini, umeusoma mkataba? Uliulizwa? Kama sisi ni ndugu, mbona ndugu mmoja anatajiwa bei na mwingine anaonyeshwa pingu?

Tena tazameni jambo jingine. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani ulipata madiwani wa kutosha, na uchaguzi wa meya wa jiji ukaahirishwa mara kadhaa hadi Machi 2016, meya wa upinzani aliposhinda. Januari 2020 aking'olewa. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Baraza la Jiji lenyewe, na Ilala ikapewa jina la jiji. Baraza lililofunga undugu na Hamburg likafutwa kwa kauli ya mtu mmoja! Mtu wa Temeke, Ubungo na Kigamboni hakuulizwa wakati wa ndoa, wala hakuulizwa wakati wa talaka.

Nisiwe mnyimi wa shukrani. Kule Mabwepande, Kinondoni, taka za sokoni zinageuzwa mbolea kwa msaada wa Hamburg. Ni jambo jema. Na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa mauaji ya Majimaji. Ni neno jema pia. Lakini ndugu wa kweli hukaa kwenye mkeka mmoja na kuulizana habari.

Kwa hiyo, kijana, usiondoke hapa na makofi tu. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda. Kaa nyuma, nyamaza, sikiliza. Akitoka diwani wako, mshike mkono kwa adabu umuulize mambo matatu: undugu huu umeleta nini katika kata yetu, nani alisafiri kwa jina letu, na aliporudi alimweleza nani?

Akikasirika, mjue mmeuliza swali lenyewe.